Mwanzi wa Kupimia Kisima

Nyumbani kwetu Newala kuna mwanzi umelazwa juu ya vigingi viwili, chini ya upenu wa jiko, tangu mwaka 1997. Urefu wake unazidi kidogo mita tatu. Una alama 15 zilizokatwa kwa kisu, na kila mwaka mama huzipaka masizi ya chungu ili zionekane vizuri. Mgeni akiuona hudhani ni upembo wa kuangulia maembe. Sisi tuliokulia pale tunajua kwamba huo ndio daftari la nyumba. Umetupimia maji, na kabla ya hapo ulimaliza ugomvi ambao karibu uvunje ndoa ya wazazi wangu.

Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, Mkoa wa Mtwara, kusini kabisa mwa Tanzania. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, macho yanateremka hadi bonde la Mto Ruvuma na kuvuka mpaka Msumbiji. Maji unayaona kwa macho. Kuyafikia ndiyo kazi. Huku juu udongo ni wa kichanga, unakunywa mvua upesi kuliko inavyonyesha. Maji yanazama chini kabisa, halafu yanatokeza mabondeni kama chemchemi. Kwa hiyo uwandani hakuna mto, hakuna kijito, ingawa mvua inayotunyeshea kwa mwaka inakaribia milimita 1,000, nyingi kuliko ya Dodoma.

Wazee wana hekaya ya kueleza kwa nini tukaishi mahali kama hapa. Mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini. Akachonga kinyago cha mti, akakisimamisha nje ya kibanda chake, na usiku ule kikageuka mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, akafa. Wakapanda juu kidogo. Wa pili naye akafa. Wakapanda hadi uwandani, wa tatu akaishi. Ndipo wahenga wakausia: kaeni juu, msikae bondeni kwenye maji makubwa. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliiandika hekaya hiyo katika kitabu chake. Nilipokuwa mdogo niliipenda kwa ajili ya kile kinyago. Siku hizi nikiikumbuka namfikiria yule mwanamke. Watoto wake waliishi kwa sababu alihamia juu, na tangu siku hiyo maji yao yalipaswa kupanda mlima juu ya kichwa cha mtu.

Kwetu mtu huyo alikuwa mama. Na mimi, binti yake wa kwanza, nilikuwa nyuma yake.

Tulitoka jogoo wa kwanza. Mama alibeba ndoo ya lita 20, mimi dumu la lita tano, na kila mmoja ngata yake ya kanga kichwani. Kuteremka hakuchoshi sana. Kunatisha kwa sababu ya giza na mawe yanayoteleza. Chini, kwenye chemchemi, tuliwakuta wanawake wamepanga foleni, kila mmoja akichota kwa kata taratibu ili asitibue tope. Wakati wa Oktoba chemchemi ilidhoofika, ukichota kata tatu unasubiri ijae tena. Kupanda ndiko kulikokuwa na shida yenyewe. Mama alitandaza majani juu ya maji ili yasimwagike, akashika mizizi ya miti kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono wa pili, hasemi neno mpaka tufike juu. Tukifika jua limeshapanda, na mimi nimeshachelewa shule.

Isidhaniwe kwamba hakuna aliyejaribu kutusaidia. Katika miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza, mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni hadi uwandani ulianzishwa. Mwaka 1971 serikali yetu iliazimia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji umbali usiozidi mita 400 kutoka kwake. Wafini nao wakaja Mtwara na Lindi miaka ya 1970, wakachimba visima na kulaza mabomba. Lakini kuinua maji mamia ya mita kunataka mashine, mashine inataka dizeli au umeme, na vyote viwili vinataka fedha kila siku inayopambazuka. Bomba la kijiji chetu lilitoa maji wiki moja, wiki tatu zilizofuata likakohoa upepo. Mwaka 1991 ulifika na kupita, mama bado anateremka.

Na wakati huo wote, kila Desemba, mvua ilikuja yenyewe hadi mlangoni.

Bibi yangu, mama yake mama, aliijua siri hiyo kwa kiasi chake. Mawingu yakitanda alitoa vyungu, sufuria, beseni, hata kinu, akavipanga chini ya upenu wa nyumba yake. Paa lilikuwa la nyasi, kwa hiyo maji yalishuka yakiwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya moshi. Tuliyatumia kufulia, kuoga na kupikia mihogo. Vyungu vikijaa, bibi alisimama mlangoni akitazama maji yanavyomwagika ardhini na kupotea mchangani. Alisema kila mara maneno yaleyale: "Mungu anatoa, sisi hatuna pa kuweka."

Pa kuweka palikuja kwa njia ya korosho. Zao hilo lilikuwa limeanguka vibaya. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000; kufikia msimu wa 1986/87 zilibaki karibu tani 17,000 tu. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua kabla hayajashika. Miaka ya 1990 salfa ya kupulizia ikasambaa, soko likafunguliwa, mikorosho ikarudi kuzaa. Mwaka 1994 baba aliuza korosho za kutosha, akang'oa nyasi juu ya nyumba yetu na kupaua kwa bati.

Mvua ya kwanza juu ya bati sitaisahau. Kelele zake zilitufanya tusisikilizane, na maji yalishuka meupe kama kioo. Bibi aliweka pipa la lita 200 pembeni mwa nyumba, pale bati liliposhusha maji mengi, na kabla mvua haijatulia pipa lilikuwa linafurika. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alichukua mkaa akaandika ukutani kanuni ninayoitumia mpaka leo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yetu ilikuwa mita 10 kwa nane, yaani mita 80 za mraba. Kwa mvua ya milimita 1,000, paa letu lilipokea lita 80,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka, yanayovuja na yanayopotea; zinabaki lita 64,000.

"Shemeji," mjomba akamwambia baba, "juu ya kichwa chako una ndoo 3,200. Dada yangu anafuata nini bondeni?"

Baba aliamua kuchimba kisima. Huku kwetu tukisema kisima cha mvua tuna maana ya shimo lililosakafiwa kwa saruji pembeni mwa nyumba, lenye mfuniko, linalopokea maji ya paa kwa gata na bomba. Lakini kuamua hakukutosha, na hapa ndipo nilipojifunza jambo la kwanza. Fedha za korosho huingia Novemba na Desemba, wakati mvua nayo inaingia. Kisima huchimbwa kiangazi, Julai na Agosti, ambapo mifuko ya wakulima imekauka kuliko ardhi. Mwenye fedha mkononi haoni shida ya maji, kwa kuwa mvua inanyesha; mwenye shida ya maji hana tena fedha. Hivyo ndivyo miaka inavyopita. Baba alifanya la busara: alimkabidhi mjomba fedha ya saruji mwezi Desemba, akamwambia asimrudishie hata akiomba kwa ugonjwa, mpaka Agosti.

Agosti 1996 shimo likachimbwa, duara la upana wa mita tatu na kina cha mita tatu. Fundi kijana aliyekuwa na kazi nyingi alibandika wavu wa kuku ukutani, akapiga plasta, akalipwa, akaondoka. Aliacha neno moja tu: "Mwagilieni maji." Baba alimwagilia siku ya kwanza. Siku ya pili alitazama ndoo mbili zilizobaki jikoni, akamtazama mama aliyezipandisha kutoka bondeni, akasema plasta imeshakauka, inatosha. Nilikuwapo. Nilimwona mama akishusha pumzi kwa nafuu, na mimi pia nilifurahi.

Kufikia Machi 1997 kisima kilikuwa kimejaa hadi mdomoni. Mara tatu kwa siku tulifunua mfuniko kutazama tu sura zetu ndani. Mama hakuteremka bondeni Mei nzima. Alianza kushona mikeka asubuhi, saa ambazo zamani alikuwa njiani. Mimi nikawa natangulia shule.

Juni maji yakaanza kupungua kwa kasi. Baba alitazama, akanyamaza. Wiki iliyofuata akatazama tena, akauliza nani anateka usiku. Hakuna aliyejibu. Akatulaumu sisi watoto kwamba tunachezea maji. Baadaye akamgeukia mama. Alimwambia anawagawia majirani na ndugu zake kwa siri, kwamba huo ndio ukarimu wa kutumia jasho la mtu mwingine. Mama alisema hajatoa hata kata moja bila yeye kujua. Baba hakusadiki. Kwa siku kadhaa nyumba yetu ilikaa kimya cha namna ambayo mtoto anaitambua hata akiwa amelala. Siku moja mama alifunga kanga zake kwenye furushi, akaliweka karibu na mlango. Hakuondoka, lakini hakulifungua.

Kwetu Wamakonde, mambo yakifika hapo huitwa mjomba. Alikuja jioni, akawasikiliza wote wawili bila kukatiza. Kisha akamuuliza baba swali moja: "Shemeji, jana kisima kilikuwa na maji kiasi gani?"

Baba akasema mengi.

"Na leo?"

"Yamepungua."

"Mengi si hesabu. Humhukumu mtu kwa kisima usichokipima."

Akatoka na panga, akarudi na mwanzi mkavu. Alipima kwa futi ya seremala, akakata alama moja kila sentimita 20, zikawa 15. Akauzamisha kisimani hadi chini, akauvuta juu, akatuonyesha mahali ulipoloa: alama ya tisa na ushei. Akafunga mfuniko kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwake, akalala kwetu. Usiku ule hakuna aliyekunywa maji ya kisima.

Alfajiri sote tulikuwa tumezunguka mfuniko, hata bibi. Mjomba akafungua, akazamisha mwanzi, akauvuta. Maji yalikuwa chini ya alama ya tisa. Kwa upana wa vidole viwili kisima kilikuwa kimepungua, na hakuna mkono wa mtu ulioingia. Maji yalikuwa yanakwenda yenyewe, kupitia nyufa nyembamba kama nywele, kurudi kwenye mchanga uleule uliomeza mvua za babu zetu.

Baba alikaa chini pale pale ardhini. Alisema, tukimsikia sisi watoto na mama mkwe wake, "Nimekukosea, mama watoto." Sikuwahi kumsikia mwanamume wa kijijini kwetu akisema hivyo mchana kweupe. Mama hakujibu. Aliingia ndani, akafungua furushi.

Fundi wa pili alikuwa mzee. Alisubiri kisima kiishe maji, akashuka na taa, akapitisha kidole kwenye ufa mmoja baada ya mwingine. Alipopanda alizungumza na mama, wala si na baba. "Mama, watu husema saruji inakauka. Saruji haikauki, inakomaa, na inakomaa kwa kunywa maji. Hii mliinyima maji ikiwa changa, sasa na yenyewe inawanyima."

Alibandua plasta iliyolegea, akarudishia wavu, akapiga plasta mpya kwa tabaka mbili, juu yake akapiga niru hadi ukuta ukateleza kama sahani. Kisha akatundika magunia ya katani ukutani kote, akaagiza yalowe asubuhi na jioni kwa siku saba, ndoo mbili kwa siku. Ndoo 14. Mama alizipandisha zote kutoka bondeni, na baba aliteremka naye kila siku akiwa na madumu mawili begani. Watu walimshangaa njiani, kwa kuwa kuteka maji haikuwa kazi ya wanaume. Baba hakuwajibu.

Nimezirudia hesabu hizo mara nyingi. Kisima chetu kikijaa kina lita 21,000, yaani ndoo 1,050. Mwaka wa kwanza tulikipunja zile ndoo chache za kukomaza plasta, kikatupotezea mamia. Tangu hapo kila nikiona mtu anabana pale msingi unapotaka kushiba, iwe ni ujenzi, shamba au mtoto, nakumbuka ndoo mbili zilizobaki jikoni. Tulizihurumia kwa sababu tulilijua jasho la mama. Huruma ile ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyotupasulia kisima.

Mwanzi ukabaki. Kutoka kuwa shahidi ukawa mwalimu, nasi tukajifunza sheria zake. Kila alama ni lita 1,400, ndoo 70. Tukiteka ndoo tano kwa siku, alama moja inakwenda wiki mbili. Alama ya chini kabisa haitekwi: ni ya kisima chenyewe, kwa kuwa kikikauka kuta zinapasuka, tena chini ndiko matope yanakotulia. Zinabaki alama 14, wiki 28. Mvua zikiisha mwishoni mwa Aprili kisima kimejaa, tarehe 8 Agosti mwanzi lazima uloe alama ya nane. Baba aliipenda sana sheria hiyo: Nanenane, alama ya nane. Ukiloa chini ya hapo, tunashuka hadi ndoo nne kwa siku bila mjadala wala kutafuta mkosaji. Ukiloa juu ya hapo, ile ziada ni ya watu: ya msiba wa jirani, ya mzazi aliyejifungua, ya mgonjwa. Mama akawa anagawa maji mbele ya macho ya baba, na baba akawa anamsaidia kuwatwisha.

Jambo jingine tulilijifunza Desemba ileile ya 1997, kwa maumivu. Kuanzia Juni hadi Agosti mashine za salfa hunguruma mashambani alfajiri, wakati upepo umetulia, na lile vumbi la njano hutua juu ya mikorosho, juu ya njia na juu ya mabati. Juu ya salfa hutua vumbi la miezi minne, kinyesi cha ndege na majani makavu. Mvua ya kwanza ilipopiga, tulishangilia na kuelekeza bomba kisimani. Jioni maji yalikuwa na harufu ya kiberiti, na wadogo zangu wawili waliharisha kwa siku tatu. Tangu mwaka ule, mvua ya kwanza tunaiachia paa lijioshe. Baba alikata bomba katikati, akaweka kiungo kinachozungushwa: upande mmoja maji yanakwenda kisimani, upande mwingine yanamwagwa migombani. Mvua mbili za mwanzo ni za migomba. Na kila kiangazi kikiisha, mtu hupanda na ufagio kusafisha bati na gata kabla ya wingu la kwanza. Mdomo wa bomba ulifungwa chujio la wavu mwembamba, mbu wasipite. Mfuniko hauachwi wazi, kwa sababu ya watoto, na kwa sababu mwanga ukiingia maji huota ukijani. Ya kunywa huchemshwa au kutiwa dawa ya klorini. Maji ya mvua ni safi yakiwa hewani. Yakishagusa paa yamekuwa mali ya paa, na lazima uyatunze kama unavyotunza maziwa.

Nilipomaliza masomo nilihamia Dar es Salaam. Huko nilipata bomba ndani ya nyumba, nikafungua na kufunga bila kuhesabu. Nilisahau mwanzi kwa miaka mingi. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka sana, mgawo wa maji ukatangazwa, nikajikuta nimesimama kwenye foleni na madumu, mtu mzima, nikinunua maji ya toroli kwa bei isiyopatana na mfuko. Nilitazama juu. Paa la nyumba niliyopanga lina zaidi ya mita 100 za mraba, na halikuwa na gata hata kipande. Kila masika nilikuwa nimesikia maji yakianguka kutoka juu ya paa hilo, yakiungana na ya jirani, yakaingia barabarani, yakaporomosha mtaro, yakaingia kwenye nyumba za waliokaa chini yetu. Maji niliyoyalilia Oktoba ndiyo niliyoyaita mafuriko mwezi Aprili.

Nilizungumza na mwenye nyumba, tukagawana gharama. Tulifunga gata pande mbili, tukaweka simtanki la lita 5,000 juu ya msingi wa zege. Halitoshi mwaka mzima, na wala sidai kwamba linatosha. Mjini mvua hugawanyika vuli na masika, kwa hiyo linajaa na kutumika mara kadhaa. Linafulia, linadekia, linamwagilia, na siku za mgawo linatupa muda wa kupumua. Jirani wa kwanza aliyekuja kuuliza alitaka kujua bei. Wa pili aliuliza swali zuri zaidi: paa langu lina ukubwa gani? Nilichukua chaki nikamwandikia ukutani kanuni ya mjomba.

Ninapopita shule za vijijini naumia. Nimesoma katika shule ambayo kila mwanafunzi aliagizwa kuja na dumu la maji ya kumwagilia bustani na kusafishia vyoo, na wasichana ndio walioulizwa kwanza kama wameleta. Jengo la madarasa mawili lina paa la zaidi ya mita 120 za mraba. Kwa mvua ya Newala hizo ni zaidi ya lita 90,000 kwa mwaka, hata ukishatoa kinachopotea. Zilikuwa zikidondoka madirishani tukiwa darasani tunafundishwa mzunguko wa maji. Hatukufundishwa kwamba mzunguko huo unaweza kusimamishwa kidogo kwenye tangi kabla haujaendelea na safari yake. Ningependa kila kamati ya shule inayochangisha bati ichangishe papo hapo na gata, kwa kuwa paa lisilo na gata ni nusu ya paa.

Bibi alisema Mungu anatoa, sisi hatuna pa kuweka. Alikuwa sahihi, ila maisha yetu yameniongezea neno: pa kuweka pakishapatikana, maji hutunzwa na hesabu. Kisima kisichopimwa kinazaa wivu na shutuma, kwa sababu kila anayekitazama anaona anachokiogopa. Baba aliona wizi. Mama aliona dharau. Maji yalikuwa yanapita kwenye ufa, na hakuna aliyejua hadi mwanzi ulipoloa. Nyumba nyingi zimegombana namna hiyo juu ya fedha, chakula na muda. Mara kwa mara, kabla ya kumtafuta mwizi, nimejifunza kuutafuta mwanzi.

Baba alifariki miaka saba iliyopita. Siku hizi bomba limefika uani kwetu, maji hutoka kwa zamu, siku nyingine yapo na siku nyingine hayapo. Vijana wamemwambia mama aache kujisumbua na kisima. Yeye anasema bomba ni mgeni, hukaribishwa vizuri, lakini mgeni huondoka. Kila Julai ananikumbusha nitume fedha ya kufagilia bati na kuziba gata zilizotoboka, na huwa nimeshaituma Desemba iliyotangulia, kama baba alivyofanya kwa mjomba.

Kila tarehe 8 Agosti simu yangu hulia asubuhi mapema. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, na kabla hajaniambia habari ya mikorosho au ya wajukuu ananiambia mwanzi umeloa wapi. Mwaka jana uliloa alama ya tisa. Nyuma ya sauti yake nilisikia ndoo ikigonga mdomo wa kisima, na sauti ya mwanamke nisiyemfahamu akishukuru.

"Nani huyo, mama?"

"Jirani mpya," akasema. "Amejifungua juzi. Ngoja nimtwishe, nitakupigia."